Yai Kwenye Kiti cha Gavana

Ikulu ya Jimbo
Jumapili, 3 Februari 1935

TANGAZO LA SERIKALI

Mimi, Leota Pruitt, Gavana wa jimbo hili kwa neema ya Mungu, kura za wananchi na ubishi wa mume wangu, ninautangazia umma wa Sandy Fork, yaani wewe dada yangu Zelma pamoja na jogoo wako mkorofi, kwamba siku ya Alhamisi kuku mwekundu aitwaye Bibi Askofu, zamani mkazi wa banda lako na sasa mkazi wa Ikulu, aliingia ofisini kwa njia ya dirisha, akapanda kiti cha Gavana, akataga. Yai lilikutwa zima. Serikali imelikaanga.

Dada, hujambo? Mguu nao? Mimi ni mzima, ila magauni ya kuapishwa yameanza kunibana, maana huku kila anayetaka barabara huja na keki.

Usiniulize kwa nini kiti kilikuwa wazi hata kuku akakiona. Ofisini kuna meza mbili. Ile kubwa ya dirishani ni ya mume wangu Harlan, gavana wa jana, ambaye siku hizi cheo chake ni "mshauri." Ile ndogo ni yangu. Asubuhi naweka sahihi pale anapoweka kidole. Kidole kikimaliza karatasi, na mimi nimemaliza utawala, nashuka jikoni. Wewe ulikuwepo siku ile, ulishuhudia: sheria imemkataza kugombea mara mbili mfululizo, akaingia tukiwa tunamenya mapichi akasema, "Leota, kausha mikono, unagombea ugavana." Nilidhani ni utani. Nikamenya mpaka beseni likaisha, nikamkuta bado amesimama.

Simu ndiyo inayonichekesha. Iko ukutani, kwenye ujia wa jikoni. Ikilia nachukua mimi, na mtu anasema, "Nataka kuongea na gavana." Mdomo wangu, kabla hata sijafikiri, unajibu, "Subiri, nimwite." Kisha napaza sauti, "Harlaaan!" Juzi alikuwa anaoga, jimbo zima likasubiri mtu aondoe sabuni masikioni.

Cheka tu. Na mimi nacheka.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Yangu ni ya hariri.

Mdogo wako,
Leota (Gavana, wakati kuku hayupo)


Sandy Fork
17 Februari 1935

Mheshimiwa Gavana (nimeandika hivyo juu ya bahasha pia, ili watu wa posta wapate la kucheka),

Barua yako imefika salama, na doa la siagi nalo limefika salama. Mguu wangu ni uleule: ukiuma, mvua inakuja, usipouma, anika nguo zako. Mhubiri anataka niuazime kanisani watu wajue lini wapande. Jogoo nimemsomea tangazo. Hakutoa maoni.

Sasa tuweke mzaha pembeni kidogo.

Nettie Tate alikuja barazani kwangu. Nilimkaribisha kiti, akakataa, akabaki amesimama na kopo la asali ya mtama mikononi. "Dada Zelma," akaniambia, "nasikia barua zako zinafika kule juu." Mumewe, Virgil, bado yuko gereza la huku kwetu akingojea kiti cha umeme, kwa kumuua Rucker, yule nyapara wa Bwana Coker, pale kwenye mizani ya pamba msimu uliopita. Mahakama ilisema aliua kwa kukusudia. Wakili wao anasema kimebaki kitu kimoja tu, huruma ya gavana. Gavana akisema Virgil afungwe maisha badala ya kuuawa, basi imekuwa. Wala haitaki mlolongo. Neno la gavana kwa kinywa chake linatosha, hata kwa simu, hata dakika ya mwisho.

Nikamwambia, gavana ni mdogo wangu, nilikuwa namchana chawa. Nikapokea asali.

Usinifanye nikairudishe.

Zelma


Ikulu ya Jimbo
11 Machi 1935

Dada yangu mpenzi,

Samahani kwa kuchelewa. Huku salama, isipokuwa Harlan ana mafua na anayaendesha kama kampeni: kila chumba lazima kiyasikie. Maua ya mbele yamechanua yote kwa pamoja, mekundu na meupe, mpaka wageni wanasimama njiani kuyatazama. Nimepanda bamia nyuma ya nyumba, mahali ambapo mke wa gavana aliyepita alikuwa na sanamu ya malaika. Malaika nimemsogeza. Anaonekana amechukia.

Mpishi wetu, Bi Lucinda, sasa ananiruhusu kukanda unga, mradi nisimguse sufuria. Jana aliniuliza, "Mama, hivi huko juu hawana kazi ya kukupa?" Nikamwambia, "Kazi ipo, ila ina mwenyewe." Tukacheka mpaka unga ukaruka.

Kuhusu Virgil, nimemweleza Harlan. Anasema karatasi zake hazijafika mezani. Zikifika ataziangalia. Yaani tutaziangalia.

Lakini nawe, tangu lini umekuwa wakili wa akina Tate? Si Virgil huyohuyo aliyesema mbele ya kanisa zima kwamba nyumbu wako ana uso wa marehemu baba yetu? Hukusema naye msimu mzima!

Nakutumia mbegu za bamia.

Leota


Sandy Fork
2 Aprili 1935

Leota,

Mbegu nimezipata. Sisi wazima. Binti wa dada yake mhubiri ameolewa na fundi wa redio, na redio ya kanisa bado haisemi.

Umeandika nusu ukurasa juu ya maua na mistari mitatu juu ya mtu anayengoja kufa. Nimekulea, najua ukipamba mlango, ndani kuna fujo.

Tangu lini, waniuliza. Usiniulize. Baraza langu linatazama wapi? Unalijua. Virgil hakuanza yeye ugomvi ule. Nasema tu hakuanza, na usinitake niseme zaidi.

Na nyumbu kweli ana uso wa baba. Kilichoniudhi ni kwamba alisema wakati wa kupitisha sadaka.

Nettie hupita kila Jumapili baada ya ibada. Haulizi. Anasimama tu pale kwenye ngazi, ananitazama mikono kuona kama nina bahasha.

Asali sijaigusa.

Zelma


Ikulu ya Jimbo
30 Mei 1935

Dada Zelma,

Najua, najua. Karibu miezi miwili. Kalamu ya serikali ni nzito, na mwenye kuishika hana misuli.

Mapichi yamewahi mwaka huu. Nimekwisha funga chupa za kutosha kulisha bunge, na kusema kweli bunge limekwisha zila. Bibi Askofu ameatamia. Harlan anasema Ikulu si banda. Nikamwambia apite jikoni siku ya mkutano wa chama kisha arudie maneno hayo.

Huenda umesikia kwamba mwakani anataka kwenda Seneti, Washington. Bwana Coker alikuja wiki iliyopita. Alikula mikate yangu saba na kusifu kila mmoja, mtu mwenye adabu, meno madogo. Kura za bonde lote zinamfuata yeye kama ng'ombe wafuatavyo kengele, na Virgil ni mtu aliyemuulia nyapara wake. Sina haja ya kukueleza.

Nimemwuliza Harlan tena. Alisema, "Subira, mke wangu. Mkutano wa chama upite, tutalimaliza jambo hili kimyakimya." Nikamwuliza mara nyingine. Akaweka gazeti chini, akanitazama kwa upole kabisa, "Leota, una imani nami au huna?"

Nikasema ninayo. Ungejibu nini wewe? Mtu tumelala kitanda kimoja miaka yote hii.

Mwambie Nettie asikate tamaa. La, usimwambie neno. Mwambie unavyoona inafaa.

Leota


Sandy Fork
6 Juni 1935

Leota,

Salamu tuzifupishe leo.

Siku imetajwa. Ijumaa, tarehe ishirini na moja mwezi huu, saa tatu asubuhi. Nettie aliletewa habari akiwa shambani, akamaliza mstari wake wa pamba ndipo akaja kwangu.

Usimngoje mtu yeyote. Una simu ukutani. Mkuu wa gereza atakuwa karibu na simu yake asubuhi ile, hiyo ni sheria, kusudi gavana akipiga apatikane. Nyanyua, sema jina lako, sema asife. Hujawahi kukosa maneno tangu ulipoota meno.

Nakusihi, na wewe wajua mimi si mtu wa kusihi.

Dada yako,
Zelma


Ikulu ya Jimbo
24 Juni 1935

Mpendwa Zelma,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima.

Bila shaka umesoma magazetini. Ofisi ya Gavana ilijaribu kuwasiliana na gereza asubuhi ya Ijumaa. Kwa bahati mbaya dhoruba ilikuwa imeharibu nyaya za simu upande wa huko, na laini ilikatika. Ilipotengenezwa, hukumu ilikuwa imekwisha tekelezwa. Tunasikitika sana kwa jambo hilo.

Tafadhali mfikishie Bi Tate pole zetu.

Wako,
Leota Pruitt


Sandy Fork
9 Julai 1935

Mdogo wangu,

Nimengoja niandike hasira ikiwa imetulia. Haijatulia, lakini karatasi haichomeki kwa maneno, basi.

Gereza liko karibu na kwangu hata nasikia king'ora chake. Alhamisi nilifua mashuka. Ijumaa nilianua, makavu kama gome. Mguu haukuuma wiki nzima. Hapakuwa na dhoruba, Leota. Hapakuwa hata na wingu la kumfunika kuku.

Nettie alikuwa pale langoni tangu alfajiri, chini ya jua hilohilo. Walipomwambia habari za dhoruba alitazama juu, akawatazama wao, akafunga kilemba chake vizuri akaondoka. Kwangu hakuja. Mimi ndiye niliyemfuata, na asali yake mkononi. Hakuipokea.

Sasa ngoja nikwambie langu, maana siwezi kukudai ukweli na wangu nimeukalia.

Siku ile nilikuwa barazani nachambua kunde. Niliona kila kitu. Virgil alimwambia Rucker kwamba mizani inadanganya. Rucker akanyanyua lile jiwe la chuma la kupimia, akampiga nalo bega, akainua tena. Hapo ndipo Virgil alipotwaa rungu la gari la nyumbu. Angengoja pigo la pili angekufa yeye. Nilikuwa karibu kama jikoni na kisima.

Kabla ya kesi, Harlan alikuja kwangu. Peke yake, kofia mkononi. Akasema, "Shemeji, dada wa mgombea akipanda kizimbani kuwapinga watu wa Coker, Leota amekwisha. Nyamaza mpaka kura zipite. Akishinda, yeye mwenyewe atamsamehe Virgil kwa mkono wake. Utakuwa umewaokoa wote wawili." Nikaona hesabu ni nzuri. Nikanyamaza. Wakili alikuja kuniuliza kama niliona chochote, nikamwambia nilikuwa nimeinamia kunde.

Basi ndiyo hayo. Nilikuuzia kimya changu nikidhani wewe utakilipa.

Nettie ataniuliza siku moja. Hajauliza, ila atauliza, kwa sababu tunachota maji kisima kimoja. Nimwambie nini? Sitaki ya magazeti.

Dada yako,
Zelma


Ikulu ya Jimbo
11 Agosti 1935

Dada Zelma,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Kila mara naanza na kuku, kwa sababu vifaranga wametoka na ni wazuri, halafu naichana.

Harlan hakunieleza kwamba alikuja kwako. Nilipomwuliza alisema, "Ilikuwa ni siasa, Leota," kama mtu anayesema ilikuwa ni mvua. Kwa hiyo hilo sikulijua. Hayo mengine niliyajua.

Nilikwambia karatasi za Virgil hazijafika mezani. Zilikuwa zimefika. Zilikuwa kwenye meza kubwa, chini ya sahani ya majivu ya sigara za Harlan, tangu kabla hujaniandikia habari za Nettie. Niliona jina. Nilikuwa nikisafisha majivu kila asubuhi, nikiinua sahani, nikipangusa, nikiirudisha palepale. Nilijiambia meza si yangu. Hebu fikiri. Jengo zima ni langu, muhuri ni wangu, jina langu ndilo liko juu ya kila karatasi, na mimi najiambia meza si yangu.

Ijumaa ile jua liliwaka tangu mapema, kama kwenu. Harlan alikuwa baraza ya nyuma na wageni, wakinywa kahawa. Bwana Coker alikuwepo. Nadhani ndiyo maana alialikwa siku ile hasa, awepo asubuhi ile, aone kwa macho yake kwamba hakuna simu itakayopigwa. Mimi nilikuwa jikoni nakanda unga wa mikate yao. Bi Lucinda aliitazama saa ya ukutani, akanitazama mimi. Baadaye akasema, "Mama, huo unga umeshakandika. Unauumiza sasa."

Nikauacha. Nikaenda kwenye ujia, mikono na unga wake, nikanyanyua simu, nikamwambia opereta aniunganishie gereza. Aliunganisha mara moja. Laini ilikuwa safi, dada. Sijawahi kusikia laini safi namna ile. Nilisikia kiti kikikwaruza sakafu upande wa pili.

Karani akasema, "Ofisi ya mkuu wa gereza."

Nikasema, "Hapa ni Ikulu. Ni juu ya Virgil Tate."

Nikamsikia akivuta pumzi. Sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu aliyesimama wima. "Ndiyo, mama! Mkuu yuko hapa hapa mlangoni, tulikuwa tukitumaini mtapiga. Mpe gavana simu, mama. Tafadhali, mpe upesi."

Hakunidharau. Nataka ulijue hilo, na Nettie alijue. Alikuwa mtu mwema, alitaka kusikia anachotakiwa kusikia. Alisikia sauti ya mwanamke akadhani ni mke. Nilitakiwa kusema maneno matatu tu: mimi ndiye gavana. Wala hakuna aliyenizuia. Harlan hakuwepo pale. Coker hakuwepo. Kidole cha mtu hakikuwepo.

Nilikwenda mpaka mlango wa baraza ya nyuma. Harlan alikuwa katikati ya kisa chake cha mhubiri na nguruwe. Akaniona, akainua kidole, ngoja. Mama alitufundisha mwanamke hakatizi kisa cha mwanamume mbele ya wageni. Nikangoja. Kisa ninakijua mpaka mwisho, nimekisikia tangu tulipooana. Alipofika pale nguruwe anapoingia kwenye kwaya wote walicheka, na mimi nikacheka. Nimesimama mlangoni, mtu amefungwa kwenye kiti, nami nimecheka pale panapochekwa.

Kisha nikasema, "Harlan, simu."

"Nani?"

"Gereza."

Coker akaangalia kikombe chake. Harlan akapangusa mdomo, akakikunja kitambaa, akakikunja tena. Alitembea kama mtu anayekwenda kufunga lango wakati kuku wamekwisha toka. Alisikiliza, saa ya ukutani ikiwa imekwisha pita tatu, akasema, "Asante sana," akatundika. Akanigeukia. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo linaloniamsha usiku. Akasema, "Tutasema laini ilikatika," akanipangusa unga shavuni.

Ulisema ulinyamaza ukitumaini mimi nitalipa. Usijibebeshe langu. Lako lipo, ni lako, na Nettie ndiye wa kusema lina uzito gani. Lakini kimya chako kilikuwa na njia ya kutokea, na njia hiyo ilikuwa mimi.

Msomee Nettie barua hii. Yote, usiruke ya nguruwe. Akitaka kuipeleka kwa wakili au magazetini, ni mali yake, na sahihi iliyo chini ni yangu, sikuonyeshwa kidole. Akitaka nije niyaseme haya mbele yake, nitakuja, na sitaleta keki.

Maana atakuuliza, na nawe utakosa jibu: kwa nini nilikwenda kumwita Harlan? Nimelitafuta jibu kubwa, la hofu au la mapenzi, ningeona ahueni kulipata. Halipo. Karani alisema, "Mpe gavana simu," na mdomo wangu, kabla hata sijafikiri, ukajibu kama ujibuvyo kila siku.

Nilisema, "Subiri, nimwite."

Nikaiweka simu juu ya rafu, taratibu, isimgonge masikio. Na yule karani, mtu wa adabu, akasubiri.

Leota